Fundi atangulie, kinanda kifuate

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kanisa likijaliwa fedha, linunue kinanda cha mabomba au cha umeme kinatosha? Mimi naimba besi katika kwaya hapa Unguja kwa mwaka wa 23 sasa. Nasema cha mabomba, hata kiwe kidogo, lakini fundi atangulie.

Kinanda chetu cha umeme tulikichangia kwa shida. Mwaka wa nne noti za chini zikaanza kukwama. Fundi alipokifungua mbele yangu, ndani mlikuwa mmeota kutu ya kijani, kazi ya hewa ya bahari. Akasugua kwa mswaki na spiriti, kikalia miezi miwili, kikanyamaza. Spea zake hazitengenezwi tena.

Halafu nakumbuka Disemba 2009, umeme ulipokatika kisiwa kizima hadi Machi 2010. Tulitoa stoo kinanda cha kukanyaga cha wazee wetu, mvukuto wake tukautia kiraka cha ngozi ya mbuzi. Krismasi ile mama mmoja alikanyaga ibada nzima, jasho likimtiririka, nasi tukaimba kwa mishumaa. Sijawahi kusikia kanisa letu likiimba vile. Sauti ya upepo hubeba watu. Haikuparamii kutoka kwenye spika, inasimama chini yako mpaka mpigaji ainue kidole.

Cha mabomba ni upepo huohuo, ila mpana zaidi: mabomba mengine hulia kama filimbi, mengine yana ulimi ndani kama zumari letu. Wala si kitu kigeni hapa. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, lina kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na Henry Willis wa Uingereza.

Hofu yangu ni matunzo. Mchwa hula mbao, ngozi hupasuka, na masika ubao hufura. Joto nalo lina vituko vyake: likipanda, mabomba ya filimbi hupanda sauti, yale ya ulimi hubaki karibu palepale, basi hayapatani tena. Kila mara tumwite fundi kutoka Ulaya? Tiketi ya ndege tu itamaliza sadaka za miezi.

Na masikio tunayo! Mji huu umejaa wapiga taarab wanaokaza kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya 70, kabla ya kila shughuli. Kijana mwenye sikio la namna hiyo akikaa kwenye karakana kinanda kikiwa kinaundwa, atarudi anakijua bomba kwa bomba.

Kamati yetu ikiniuliza, nitaomba nauli ya kijana huyo itengwe kabla ya malipo ya kwanza. Na mtengenezaji aambiwe mapema: feni ya umeme sawa, lakini mpini wa kuvuta mvukuto kwa mkono uwepo ubavuni.