Fundi sauti anataka kuja mazoezini: kuna haja?

SWALI: Shikamoo fundi. Bendi yetu ipo Mbagala, tunapiga dansi, na tunajiandaa kurekodi albamu ya nyimbo nane. Fundi wa studio anataka aje mazoezini mara mbili kwanza, halafu turekodi wote kwa pamoja badala ya mmoja mmoja. Wenzangu wanasema kazi yake ni kubonyeza mitambo, kasoro zitarekebishwa kwenye miksi, yaani kule kuchanganya na kusawazisha sauti baada ya kurekodi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mkaribisheni, na mpeni kiti karibu na mpiga tumba.

Nasema tumba makusudi. Maiki ikikaa shibiri moja juu ya ngozi, unasikia kiganja: kofi, vidole, kucha. Irudishe mita moja nyuma, unasikia pipa lenyewe na chumba kilivyo. Hizo ni tumba mbili tofauti, na kwenye miksi hakuna kitufe cha kuigeuza hii iwe ile. Ongeza maiki ya pili chini ya pipa, mambo yanazidi: ngozi inapobonyea, hewa inaikimbia maiki ya juu na kuifuata ya chini. Mawimbi yanakuwa kinyume. Usipoyageuza ya upande mmoja, ule uzito wa chini wa tumba unayeyuka, na utahangaika usiku kucha kuutafuta.

Sasa achague tumba ipi? Inategemea sebene lenu, ile sehemu ya wimbo magitaa yanapochachamaa. Gitaa la solo, la pili na rithimu zikiingia kwa pamoja, tumba nzito itazama, linalohitajika hapo ni lile kofi. Wimbo wa taratibu unataka pipa. Hayo atayajuaje bila kuwasikia?

Kurekodi kwa pamoja naunga mkono kabisa. Zile kanda za zamani za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) tunazozipenda, bendi ilipiga yote kwa mkupuo. Nani akae wapi na umbali gani na maiki, ndiyo ilikuwa miksi yenyewe. Ni kweli drams zitavuja kwenye maiki ya saksafoni. Zikiwa mita tatu na nusu, zitachelewa kama sehemu 10 za elfu za sekunde, na mvujo huo ukipangwa vizuri ndio unaofanya bendi isikike imekaa chumba kimoja.

Mwaka 1966 kule London, John Lennon wa Beatles alitaka sauti yake isikike kama ya Dalai Lama akiimba kutoka kilele cha mlima. Geoff Emerick, fundi wa miaka 20, aliipitisha kwenye spika inayozunguka, iliyotengenezwa kwa ajili ya kinanda cha Hammond. Mwimbaji alileta picha, fundi akaitafutia mlio.

Mimi niliwahi kumrekodi mama mmoja aliyetikisa kumbi, lakini akivaa hedifoni sauti inanywea. Nilizima taa, nikamwambia aache sikio moja wazi. Mara ya kwanza tu baada ya hapo ndiyo iliyoingia kwenye albamu.

Siku akija, pigeni nyimbo zote nane bila kusimama, hata mkikosea. Kama mnatumia ngoma za ngozi, mwonyesheni zinavyolegea na unyevu wa jioni, ili apange saa ya kurekodi. Nauli yake mlipe nyie. Na jina lake liandikwe kwenye jalada, pamoja na ya wapigaji.