Prado ya 1KZ inachemsha Kitonga: nianze na rejeta au tairi kubwa?

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Nimenunua Prado ya mkononi ya mwaka 1999, KZJ95, injini ya dizeli ya 1KZ-TE, gia otomatiki. Dashi inasoma kilomita 287,000. Niko Mafinga. Nikipanda mlima Kitonga mshale wa joto unapanda, na kila nikienda Morogoro na kurudi maji yanapungua karibu lita moja, lakini sioni yanapodondoka. Inatoa moshi mweusi mlimani. Usukani una nafasi na mbele panagonga kwenye mashimo. Fundi wa hapa ameshatoa thamostati (kile kimlango cha maji kinachofunguka kwa joto), tatizo likabaki palepale. Nimetenga pesa za kuinyanyua inchi tatu na kuweka tairi kubwa. Nianze wapi?

JIBU: Ndugu yangu, pesa za kuinyanyua ziache zilale kwanza. Gari ulilonunua ni zuri na spea zake bado zinapatikana, lakini 1KZ-TE ina adui mmoja mkubwa, naye ni joto. Bloku yake ni chuma, silinda hedi yake ni alumini. Injini ikichemka, alumini inatanuka kuliko chuma, hedi inapinda au inapata ufa, mara nyingi pale katikati ya vali mbili za silinda moja. Kuchemsha kwa nguvu mara moja tu kunaweza kutosha. Kwa hiyo kabla hujajua lita hiyo ya maji inaenda wapi, usiipandishe Kitonga tena.

Mshale wa dashi nao usiutegemee. Umetengenezwa ukae katikati hata joto la maji likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa. Ukiuona umeondoka katikati, ujue maji yamekuwa ya moto kupita kiasi kwa muda. Kipimo kidogo cha joto kinachoonyesha namba, chenye sensa yake kwenye hosi paipu ya juu, ndicho kifaa cha kwanza ninachokushauri ununue kwa gari hili, kabla hata ya redio.

Anza na kipimo kisicho na gharama. Jioni endesha gari mpaka lipate moto, lipaki, usifungue kifuniko cha rejeta. Asubuhi, kabla ya kuwasha, bana hosi paipu ya juu kwa vidole. Injini iliyolala usiku kucha imepoa na shinikizo limekwisha, kwa hiyo hosi inapaswa kuwa laini. Ukiikuta ngumu, na ukifungua kifuniko inapumua "pssss", kuna gesi ya mwako inayopenya kwenye maji, ama kwa gasketi iliyoungua ama kwa ufa wa hedi. Halafu chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye chupa ya akiba ya maji, uangalie kila asubuhi kwa wiki moja injini ikiwa baridi. Moshi mweupe wenye harufu ya utamu wakati wa kuwasha ni dalili ya tatu.

Kuthibitisha, tafuta gereji yenye kile kichupa cha dawa ya bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma. Hewa inayotoka kwenye maji inavutwa ipite kwenye dawa. Kwa injini ya dizeli, dawa ikigeuka kijani, hedi ifunguliwe. (Wengi wanasubiri iwe njano, lakini hiyo ni rangi ya injini za petroli. Ndiyo maana ufa unapitwa.) Gereji hiyohiyo iwe na pampu ya kupimia shinikizo: ijaze mfumo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, kwa kawaida bar 0.9, na iache dakika kumi. Mshale wa pampu ukishuka, tafuta unyevu kwenye pampu ya maji, viungo vya rejeta, hita ya mbele na ile ya abiria wa nyuma kama ipo. Mabomba ya hita ya nyuma yanapita chini ya gari, yanaliwa na kutu, na maji yanayodondoka huko ukiwa njiani huyaoni.

Kifuniko chenyewe kipimwe pia. Kwa shinikizo la 0.9 maji yanachemka karibu nyuzi 118. Kifuniko chenye mpira uliokufa hakishiki shinikizo, maji yanachemka kwenye 100 au chini yake huko kwenu juu, na yanamwagwa kimyakimya. Ni spea ya bei ndogo; ibadilishe tu.

Sasa thamostati. Fundi wako amefanya jambo linalofanyika gereji nyingi, na mantiki yake inaeleweka: kama mlango unabana maji, utoe. Lakini thamostati ya injini hii ina kisahani cha pili. Inapofungua njia ya kwenda rejeta, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji inazunguka ikiwa ya moto vilevile. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye mlima mrefu kama Kitonga ndipo inapokuumbua. Nunua halisi, na kabla ya kuifunga ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, pasha, weka kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na joto lililochapwa mwilini mwake, na maji yakikaribia kuchemka iwe wazi milimita 8 au zaidi. Unapoifunga, kile kijipini kinachocheza kikae juu ili hewa ipate pa kutokea.

Feni inayoendeshwa na mkanda ina klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito na kusimama mara moja. Ikizunguka mizunguko miwili mitatu kama pangaboi, silikoni imevuja au imechoka, na mlimani kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa rejeta haipati upepo. Kuna mafundi wanaoongeza silikoni. Kwa klachi yenye umri wa gari lako, bora nyingine mpya.

Rejeta nayo, kwa umri huu, ibadilishe bila kusubiri ipasuke. Kwanza chungulia nafasi kati ya rejeta na kondensa ya eyakondishena: utakuta nyasi, wadudu na udongo vimeganda kama blanketi. Lakini sababu kubwa zaidi ipo ndani. Kwenye gari la gia otomatiki, tangi la chini la rejeta lina bomba la kupoza mafuta ya gia boksi. Bomba hilo likitoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi na mafuta yanaingia kwenye maji. Angalia leo: gari likiwa la moto na injini ikinguruma, gia ikiwa P, chomoa dipstiki ya gia boksi, ifute kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Doa jekundu linalong'aa ni salama. La kahawia lenye harufu ya kuungua, mafuta yamechoka. Likiwa la waridi na zito kama mtindi, zima injini, gari livutwe. Maji yanalegeza gundi ya sahani za klachi ndani ya gia boksi, na kila kilomita unayoongeza inazimenya.

Kama mafuta ni safi, ukifunga rejeta mpya ongeza kipozaji cha pembeni cha mafuta ya gia boksi na uliruke kabisa bomba la ndani ya rejeta. Hiyo kwangu ni nyongeza ya thamani kuliko bampa yoyote ya chuma. Mafuta ni Dexron III. Ukifungua nati ya chini zinatoka lita 2 hivi, nyingine zinabaki kwenye tobo konveta, kwa hiyo mwaga, jaza kiasi kilekile, endesha siku chache, rudia mara tatu.

Ukijaza maji ya injini, ambayo ni zaidi ya lita 10, tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu na maji yaliyotoneshwa nusu. Maji ya kisima yana chumvi inayojenga ukoko ndani ya mirija. Elekeza pua ya gari mlimani kidogo, weka hita kwenye joto la juu mbele na nyuma, jaza polepole ukibanabana hosi, washa na uache injini ingurume mpaka hosi ya chini nayo ipate moto. Hewa iliyonaswa kwenye hita ya nyuma imewafanya wengi wafungue hedi nzima bure.

Ikithibitika hedi ina ufa, usikubali ichomelewe. Alumini iliyochomelewa karibu na vali mara nyingi inafunguka tena ikipata moto. Tafuta hedi mpya. Gasketi zake zinakuja kwa unene wa aina tatu, na fundi anachagua baada ya kupima jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Fundi asiyepima, anayenunua gasketi iliyopo dukani tu, mtafute mwingine. Bolti za hedi ziwe mpya, na zikazwe kwa torki spana kwa mpangilio wa kitabu.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na unaongeza joto hilohilo tunalopigana nalo. Chujio la hewa kwanza. Kisha hosi za turbo: zifute, washa, mwenzako akanyage mafuta, sikiliza mluzi na tafuta ukungu wa oili kwenye maungio. Kisha fungua mlango wa hewa uone masizi. Vali ya EGR inarudisha moshi kwenye njia ya hewa, ukichanganyika na mvuke wa oili unakuwa lami, na kwa kilomita hizo tundu linaweza kuwa limebaki nusu. Safisha vipande vikiwa vimetolewa nje ya injini, kamwe usipulizie dawa injini ikiwaka. Dizeli inaweza kuila dawa hiyo kama mafuta na ikakataa kuzimika. Mwisho peleka nozeli zikapimwe. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza inaweza kutoboa pistoni.

Kama taa ya injini inawaka, si lazima uwe na mashine. Unganisha kwa waya mfupi tundu la TC (kwenye baadhi ni TE1) na E1 kwenye boksi la uchunguzi, fungua swichi bila kuwasha, hesabu mimeto. Ikimeta mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. 22 ni sensa ya joto la maji, 35 ni sensa ya shinikizo la turbo.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na kikaza chake. Muuzaji akisema ulishabadilishwa na hana risiti wala kibandiko, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, vali na pistoni zinagongana. Taa ya T-BELT kwenye dashi haioni mkanda. Inafuata kilomita za dashi tu, na dashi za magari ya mkononi hurudishwa nyuma. Oili ya injini ni takriban lita 7 pamoja na chujio, 15W-40 ya dizeli, kila kilomita 5,000.

Kugonga kwa mbele usikuchukulie kama kelele. Bol jointi za chini za Prado hii zimefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta zitengane badala ya kuzikandamiza. Ikichakaa inachomoka, tairi linalala pembeni, gari linakaa chini. Inua gari, weka stendi, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na nako (kipande kinachoshika gurudumu), nyanyua. Ukiona mchezo kwa macho, usiendeshe tena mpaka ibadilishwe. Weka halisi, pande zote mbili kwa pamoja, na bolti zake nne ziwe mpya. Nafasi ya usukani mara nyingi ni bushi za reki. Zibadilishe ukiwa hapohapo, kisha tairodi, kisha alaimenti. Na kama linagonga "kang" unapoondoka kwenye taa, pampu grisi kwenye krosi na kwenye mtelezo wa propela shafti kabla hujanunua chochote.

Hapo ndipo tairi zinapokuja. Inchi tatu ni nyingi mno kwa gari lenye shafti za mbele zinazojitegemea: pembe ya jointi inakuwa kali, buti zinachanika, jointi zinakufa. Ishia inchi mbili, springi za nyuma uchague kwa mzigo unaobeba kila siku. Ile vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma irekebishwe, maana gari likinyanyuka vali inadhani halina mzigo, na breki za nyuma zinapungua nguvu.

Kama umevaa 265/70R16, ya 265/75R16 inazidi kipenyo kwa milimita 26 hivi. Gari linapanda milimita 13 tu, na dashi ikisoma 100 unakwenda 103. Usizidi hapo bila kubadilisha uwiano wa difu, utaanza kuichosha injini mlimani upya. Nunua tano, si nne. Prado hii inavuta tairi zote muda wote, na spea ya kipimo tofauti inafanya difu ya katikati isage kila kilomita unayotembea nayo.