Mume yuko Marekani, makaratasi bado, miezi sita imepita: ndoa ipo au haipo?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi niko Mombasa, mume wangu yuko Columbus, Ohio, ana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia). Tulioana hapa kwa kadhi, akakaa na mimi mwezi na nusu akarudi, akaniombea viza ya mke na huu ni mwaka wa tatu tunasubiri, hajapata kuja tena. Masurufu anatuma na tunaongea kila siku. Sasa ustadh mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp kasema mume na mke wakipitisha miezi sita bila kukutana ndoa imevunjika yenyewe, wakikutana lazima wafunge nikahi upya, na mama mkwe kashika hilo hilo. Mimi nimepata kazi ya kliniki Doha, mume karidhia nikae huko mpaka niitwe intavyuu, kaka yangu wa tumbo moja yupo huko na mkewe. Je mimi bado ni mke wa mtu? Na naweza kwenda? Silali shekhe.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, lala. Wewe ni mke wa mtu, na utabaki hivyo mpaka mumeo akuache, au kadhi aitengue ndoa kwa sababu ya kisheria, au mauti. Kalenda haitoi talaka.

Swali hili linanifikia sana kutoka kwa wake wa walio Marekani, Uingereza, hata Oman, na mimi linanikera, si wewe unayenikera bali haya maneno ya miezi sita yanayorushwa kwenye simu za watu bila mtu kuuliza yametoka wapi. Yametoka kwenye kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa akizunguka usiku Madina akamsikia mwanamke analalamika kwa mashairi, usiku mrefu na mumewe yuko vitani, akaenda kumuuliza bintiye Hafsa, mwanamke anavumilia muda gani bila mumewe, riwaya nyengine zinasema alijibu miezi minne, nyengine sita, basi Umar akaamrisha askari wasizuiliwe huko zaidi ya muda huo. Kisa kimeisha hapo. Ustadh ameiona wapi talaka? Umar hakuwaambia wale wanawake wakae edda (muda wa kungoja baada ya ndoa kuisha), wala hakuwaambia waume wakirudi wafunge nikahi, aliwarudisha wanaume kwa wake zao, na mtu harudishwi kwa mke asiyekuwa wake. Tena imepokewa kuwa aliwaandikia maamiri wa majeshi kuhusu wanaume waliokaa mbali na wake zao, wawalazimishe wanaume hao ama watume masurufu ama waache, na watakaoacha walipe masurufu ya nyuma waliyozuia. Angekuwa anaona ndoa zile zimeshakufa zenyewe, angewaambia waache nini?

Kuna wanaoleta aya ya 226 ya Suratul Baqara, ile ya miezi minne. Hiyo ni ila, mtu aliyekula kiapo kuwa hatamkaribia mkewe. Mumeo ameapa? Mumeo anahangaika na maloya na ada za viza ili akupate! Na hata kwenye ila yenyewe Imam Shafi na wanazuoni walio wengi wanasema muda ukipita mume anasimamishwa, arudi au aache, watu wa madhehebu ya Hanafi ndio wanaosema talaka inapita, nao wanasema hivyo kwa sababu ya kiapo, si kwa sababu ya foleni ya ubalozi. Halafu tazama mume aliyepotea kabisa, hajulikani yuko hai au kafa, Umar alihukumu mkewe angoje miaka minne kisha akae edda. Sasa aliyepotea apewe miaka minne, na huyu anayepiga video kila usiku apewe miezi sita?

Kilichopo kwenye fiqhi ni haki ya mke kudai. Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, wanasema mume akikaa mbali zaidi ya miezi sita bila udhuru na mke akalalamika, kadhi anamwandikia arudi, akikataa ndio kadhi anaweza kuwatenganisha. Umeona? Kuna udhuru unaangaliwa, kuna mke kulalamika, kuna kadhi. Na sisi Mashafi wa pwani, wafuasi wa Imam Shafi, ni wazito zaidi, maadam masurufu yanafika kutokuwepo peke yake hakutengui ndoa. Na madhara ya fatwa ile hayachezewi, maana mwanamke akiamini yuko huru akaolewa na mwengine, ameolewa akiwa mke wa mtu, na hilo Qur'ani imelikataza kwenye Suratun Nisaa.

Halafu hiyo nikahi ya pili, msiifanye hata kwa "tahadhari tu". Kwenye faili lenu kuna cheti cha ndoa chenye tarehe, mkifunga tena mkaandikiwa cheti kipya, afisa wa ubalozi anaona ndoa mbili za watu wale wale na ana haki kuuliza ile ya kwanza ilikuwa nini, na wewe utajibu nini bila kusema uongo?

Sasa mumeo nina neno naye, msomee. Ndugu yangu, mke wa mwenye grini kadi anawekwa kwenye foleni yenye idadi maalumu ya viza kila mwaka, tofauti na mke wa raia, hilo si kosa lako. Lakini kadi haikufungi usije. Kinachotia matata ni kukaa nje muda mrefu, ikipita miezi sita wanaanza kuhoji makazi yako na ukipitisha mwaka bila kibali cha kurudi kadi yenyewe iko hatarini (miezi sita ya uhamiaji hiyo, isichanganywe na ya ustadh). Wiki tatu nne hazikudhuru. Najua tiketi ni ghali, ila mwanamke huyu hakuolewa na simu, na kuridhia kwake kusubiri mwaka wa kwanza si kuridhia milele, muulize tena.

Kuhusu Doha, mume karidhia na kaka yako ni maharimu (ndugu wa karibu asiyeweza kukuoa), kwa hiyo ukifika uko kwenye mikono salama, ila hadithi ya mwanamke kutosafiri bila maharimu ni sahihi na mimi siiruki, mwambie kaka aje akuchukue au mfuatane akitoka likizo. Soma mkataba wa kazi kabla ya kusaini, na pasipoti yako usimwachie muajiri. Ukiwa unaishi huko kwa zaidi ya miezi sita ubalozi utataka cheti cha polisi cha Qatar pia, ni rahisi kukiomba ukiwa bado huko. Na kwenye fomu ya viza andika anwani ya Doha kama ilivyo, usiifiche. Akitokea mtu wa kukwambia uombe viza ya kutembea uingie Marekani ukakae huko huko, mkatae, fomu ile inakuuliza kama kuna mtu amekuombea uhamiaji na utajikuta unatia saini uongo.

Mama mkwe usigombane naye, anamwonea uchungu mwanawe na wewe. Mpe simu asome haya, na kama bado ana wasiwasi aende kwa kadhi aliyewaozesha, wewe usibebe hilo peke yako. Wallahu aalam.