Kila sentensi inaanza na "Chai ni..."

SWALI: Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wakiandika habari za chai, kila sentensi huanza "Chai ni" au "Chai ina". Nifanyeje? (Mwalimu, Tukuyu)

JIBU: Mwalimu, watoto hunakili mfano ulioko ubaoni, ukiwa mmoja, watarudia huohuo. Waseme kwanza, ndipo waandike. Waoneshe kitawi cha mchai, uulize: huchumwaje? Kwa nini hustawi hapa Rungwe? Sentensi zao zinaweza kuwa kama hizi:

"Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi."
"Kwa kuwa Rungwe hupata mvua nyingi, chai hustawi."
"Majani yakichelewa kufika kiwandani, ubora hushuka."

Sentensi nne kwa kipindi zinatosha kabisa. Kisha wapige mstari chini ya neno la kwanza la kila sentensi. Likijirudia mara tatu, wabadilishe sentensi moja tu. Ukiwalazimisha kubadili zote, wataanza kubuni mambo yasiyo kweli.