Taarab Ilibadilikaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini taarab ya sasa haifanani na ile waliyoisikiliza babu zetu Unguja?

JIBU: Ndugu msomaji, taarab haijawahi kusimama mahali pamoja. Katika karne ya 19 ilipigwa kwenye jumba la Sultani kwa Kiarabu na kwa mtindo wa Misri, hadi mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, alipoiimba kwa Kiswahili na kuyaingiza maisha ya watu wa kawaida. Kwa maoni yetu, hakuna badiliko lililozidi hilo kwa uzito. Miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya ala za nyuzi, yaani ganuni, udi na fidla, mwendo ukaharakishwa ili watu wacheze, na mafumbo yakapisha mipasho ya waziwazi. Tunaisikitikia ganuni, ingawa kikundi cha Akhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeitunza.