Mwalimu, nibonyeze "Jaribu Toleo Jipya"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikoba cha kina mama hapa Korogwe, tuko 28. Barua pepe ya kikundi naishika mimi: kumbukumbu za vikao, orodha ya hisa, barua za kuwakumbusha walio nyuma kwenye marejesho. Juzi nilipofungua nikakuta utepe juu ya ukurasa: "Jaribu muonekano mpya kabla ya wengine", na pembeni pameandikwa Beta. Mweka hazina kanikataza kugusa, anaogopa barua zetu zitafutika. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema nibonyeze tu, nachelewa nini. Nimsikilize nani?
Katibu, Korogwe

JIBU: Marahaba, katibu. Mweka hazina wako ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kitu kisicho kikubwa, na kile kikubwa hajakitaja.

Barua zenu hazikai kwenye ule ukurasa unaouona. Zimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na ukurasa ni dirisha la kuzichungulia. Wanapobadili muonekano, kwa kawaida wanabadili dirisha, ghala linabaki lile lile. Microsoft walipotoa Outlook.com kwa majaribio tarehe 31 Julai 2012, mwenye anwani ya Hotmail, huduma yao ya zamani ya barua pepe, aliweza kuingia akazikuta barua zake za zamani zote. Google nao mwaka 2014 walileta Inbox, ukurasa wa pili wa kusomea barua za Gmail. Walipoufunga mwaka 2019, waliouzoea waliumia kweli, lakini barua zao walizikuta palepale Gmail.

Na hilo neno Beta lisikutishe, wala lisikupe moyo. Ni herufi ya pili ya Kigiriki. Toleo ambalo mafundi wanalijaribu wenyewe ndani ya karakana huitwa alfa, likitolewa nje ili watu kama wewe walitumie linakuwa beta. Gmail ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na neno hilo ubavuni. Uliingia kwa mwaliko tu, na walikupa nafasi ya gigabaiti 1, yaani kama megabaiti 1,000, wakati Hotmail ilikuwa inatoa megabaiti 2, hata wapo waliodhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Neno likaja kuondolewa Julai 2009. Miaka mitano na zaidi watu waliendesha biashara zao humo, na juu bado pameandikwa Beta.

Sasa nikueleze ninachokiogopa mimi: barua kumfikia asiyestahili kuiona.

Nilipokuwa nafundisha sekondari moja ya Moshi, barua za wazazi wa kidato changu zilipita mikononi mwangu. Huduma tuliyokuwa tukitumia, ambayo sitaitaja, ikaleta toleo la majaribio. Nikajiunga siku ile ile, kwa akaunti ile ile ya kazi. Katika toleo la zamani nilikuwa nikitaka kumpelekea mhasibu barua ya mzazi, naandika herufi M, nabonyeza enta, Mhasibu anakuja, kwa sababu ndiye niliyemwandikia mara nyingi. Vidole vilishazoea, sikuwa naangalia tena. Toleo jipya lilipanga majina kwa alfabeti. Nilikuwa na kundi nililoliita "Mawasiliano ya Wazazi", watu 41, na hilo likatangulia mbele ya Mhasibu.

Barua yenyewe ilikuwa ya mama mmoja aliyeniomba nimwombee muda wa ada. Mume alikuwa amelazwa, na alikuwa ameutaja ugonjwa kwa jina. Niliandika M, nikabonyeza enta, nikatuma. Nilijua nilichofanya pale mzazi mwingine aliponijibu kwa pole.

Jioni ile nilikwenda kwa yule mama, Majengo, kwa miguu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema amenisamehe. Mwanawe alimaliza shule, lakini yeye hakuonekana tena kwenye kikao cha wazazi hata kimoja. Mpaka leo nikiona utepe kama huo wako, namkumbuka yule mama.

Ndiyo maana nakwambia, usibonyeze kwenye akaunti ya kikoba. Humo mna majina ya walioshindwa kurejesha mkopo, na Korogwe mnafahamiana nyumba kwa nyumba. Fungua akaunti nyingine, ya kujaribia tu. Kama utepe haujafika huko, tumia yako binafsi, ile ya salamu za ndugu. Kaa nayo wiki mbili.

Na usiitazame kwa macho tu, ifanyie kazi unayoifanya kila siku. Jitumie faili lenye umbo la orodha ya hisa, lakini uweke majina ya kubuni. Anza barua, fika nusu, zima data, subiri dakika mbili, washa tena uone rasimu imebaki na maneno mangapi. Andika herufi ya kwanza ya jina utazame nani anatangulia. Fungua kwa simu unayotumia siku zote, si ile nzuri ya mwenyekiti. Usiku mtandao ukiwa umelemewa, fungua tena uhesabu sekunde mpaka barua ya kwanza ionekane.

Kuna kitu kimoja ningependa ukirekebishe leo hii, hata usipojaribu chochote. Kama mnatumia Gmail, ingia kwenye mipangilio kwa kompyuta, utafute sehemu ya kutendua barua uliyotuma, uweke sekunde 30. Barua inasubiri kwanza muda huo kabla ya kuondoka, na ukishtuka unairudisha. Kitu hicho chenyewe kilianza kama jaribio mwezi Machi 2009, kikakaa miaka sita mikononi mwa waliojitolea kukijaribu, kikawekwa rasmi Juni 2015. Mimi sikuhitaji hata hizo 30. Kumi zingenitosha siku ile.

Baada ya hapo ndipo mwanao ana kazi ya kukusaidia, na ni kazi ninayoithamini sana. Karibu kila toleo la majaribio lina mahali pa kutoa maoni, na wengi wetu huandika "haifanyi kazi" tukaondoka. Fundi hawezi kutengeneza kwa maneno hayo. Mwandikieni: saa ngapi, simu gani, kivinjari gani (ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao), mtandao ulikuwa na nguvu kiasi gani, mlibonyeza nini, mlitegemea nini, kikatokea nini. Mistari sita inatosha. Mkiambatanisha picha ya kinachoonekana kwenye kioo cha simu, hakikisheni hakuna jina la mwanachama linaloonekana, maana picha hiyo itasomwa na watu msiowajua.

Nasisitiza hili kwa sababu kurasa za barua pepe zinazidi kuwa nzito. Mapema mwaka 2024 Gmail iliuondoa ukurasa wake mwepesi, ule usio na mapambo uliokuwa ukifunguka hata mahali ambapo mtandao unasuasua. Wanaosanifu wanakaa kwenye ofisi zenye laini za kasi. Rasimu inayokatika nusu kwa sababu data imeisha Mombo njiani hawataiona kwao. Wataijua tu mtu wa Korogwe akiwaandikia.

SWALI: Nimepata barua pepe kwamba nibofye kiungo niweke neno la siri ili nihamie muonekano mpya, la sivyo akaunti itafungwa ndani ya siku mbili. Ndiyo hiyo beta?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Hapana, huo ni wizi. Mwaliko wa kweli hukukuta ndani, ukiwa umeshaingia kwenye akaunti yako, na hauna sababu ya kukuuliza tena neno la siri kupitia kiungo cha barua. Wala anayekuomba umsaidie kujaribu hawezi kukutisha kwa siku mbili. Futa. Kama ulishabofya ukaandika neno la siri, usimalize ukurasa huu: fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya huduma yako, ubadilishe neno hilo sasa hivi. Kisha tazama kwenye mipangilio kama kuna anwani usiyoijua ambayo barua zako zinapelekwa. Wezi wengi huacha mlango huo wazi.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Niko Muscat, nimejiunga na toleo jipya mwezi wa pili sasa. Maandishi yamekuwa membamba na macho yangu si ya ujana. Naweza kurudi nilikotoka, au ndiyo basi?
Baba wa Watatu, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Fungua alama ya gurudumu la mipangilio, njia ya kurudi mara nyingi huwekwa humo. Muonekano mpya wa Gmail ulipotoka Aprili 2018, aliyeujaribu aliweza kurudi kwenye ule wa zamani kwa kupitia hapo hapo. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya muda tu, na baadaye wote wakahamishwa. Kwa hiyo ukiiona leo itumie leo. Wakikuuliza kwa nini unaondoka, usiruke swali hilo: waandikie kuhusu maandishi na macho yako, utaje na umri. Wakati unasubiri, shika Ctrl kwenye kompyuta yako ubonyeze alama ya kujumlisha mara mbili au tatu. Maandishi yatakua, na kivinjari kitakumbuka ukirudi kesho.