Kabla ya kununua kisu cha dola mia, nunua kwanza jiwe

Juzi kijana mmoja wa Likasi, mji wa huku Katanga, Kongo, aliniandikia kwenye WhatsApp. Alikuwa ameziona picha za visu vyangu kupitia binamu yake. "Yaya, niko na dola mia moja na makumi tano. Niuze kisu moya ya bei ao niuze mingi ya bei chini? Niambie kweli." Wasomaji wa pwani msicheke: kwetu Katanga kuuza ni kununua, na yule mnayemwita muuzaji, huku anauzisha. Na yaya ni kaka mkubwa.

Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Saa nne ya usiku ikanikuta bado naandika, mke wangu ameshalala. Nikaona bora niyalete hapa, maana swali lake lilikuwa langu mwaka 2018, na mimi sikupata mtu wa kuniambia kweli. Nilipata mtu wa kuniuzisha.

Najua wewe unayesoma hapa unaufahamu ugonjwa huu. Una kisu kimoja, kinakata vizuri, na bado usiku unatazama video za vingine. Mimi leo ninavyo 23 ndani ya kopo la biskuti. Mama watoto huviita "watoto wako wengine", na akikasirika hunitajia hesabu ya ada ya shule.

Mwaka ule ndio nilikuwa nimeanza kulipwa kwa dola, na dola za kwanza zinawasha mfukoni kama pilipili. Nilitaka kisu cha mpini wa titani chenye kufuli la fremu. Kwa asiyejua: ukifungua kisu cha namna hiyo, kipande cha mpini wenyewe kinajikunja ndani na kusimama nyuma ya ubapa, usirudi kukufungia vidole. Ni ufundi wa Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, na kisu chake kinachojulikana zaidi kinaitwa Sebenza, neno la Kizulu, maana yake ni kufanya kazi. Nilipolijua hilo nilifurahi kama nimegundua ndugu aliyepotea. Neno letu la Kibantu, kwenye kisu cha dola mia nne na zaidi!

Mia nne sikuwa nazo. Ila mwenzangu mmoja wa kwaya, mtu wa sauti ya besi, tumesimama mstari mmoja miaka sita, akaniambia ameletewa kimoja cha aina hiyo. Jina kubwa la Marekani, sitalitaja kwa sababu halina kosa. "Ni ya orijinali, ndugu yangu. Kwa sababu ni wewe, dola mia moja na makumi tatu." Kilikuja ndani ya kisanduku kizuri, na karatasi ya garanti, na kitambaa cha kufutia. Nilikishika nikahisi nimekuwa mtu mwingine. Nilikilaza juu ya kitabu cha nyimbo nikakipiga picha.

Wiki ya tatu nilikuwa nakata bidoni (dumu) ya njano ili nipate mrija wa kumiminia mafuta. Nikasukuma kwa nguvu kidogo. Kufuli likateleza, ubapa ukarudi, na kidole changu cha shahada kilikuwa njiani. Nyuzi tatu. Kovu ninalo hadi leo, na mvua ikikaribia linaniambia kabla ya mawingu.

Nyumbani, mkono umefungwa bandeji, nikakumbuka kitu cha darasa la fizikia: titani haivutwi na sumaku. Nikang'oa sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Ubapa na skrubu kushikwa ni kawaida, hivyo ni chuma. Lakini mpini! Sumaku ilirukia mpini ikaung'ang'ania. Nilikaa kitandani nikiitoa na kuirudisha, kama mtu anayetumaini mara ya kumi itasema tofauti. Ilikuwa kopi. Huenda thamani yake yote ni dola kumi, na kisanduku kikiwemo.

Nilipomwambia yule wa besi, alicheka akasema hata yeye alidanganywa. Labda kweli. Kila Jumapili ananisalimu "Amani, ndugu", namjibu "Amani". Dola zangu hazijawahi kupata amani. Nimesamehe, nasema nimesamehe, lakini mnaona mwenyewe ni mwaka gani huu na bado nasimulia.

Kumbe wakati wote huo nyumbani kulikuwa na kisu bora. Baba alifanya kazi kwenye reli, na bosi wake Mbelgiji alipoondoka alimwachia Opinel namba 8, mpini wa mti, ubapa wa sentimita nane na nusu. Visu hivi vinatoka Savoie, milima ya Ufaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 kwa ajili ya wakulima, na mwaka 1897 akavipa namba kuanzia 1 hadi 12. Pete ya kuzungusha ili ubapa usijifunge iliongezwa 1955. Cha baba kina pete, basi ni cha baada ya hapo. Alama ya mkono wenye taji imefutika nusu, na ubapa umeliwa na jiwe hadi umekuwa mwembamba kama samaki.

Mpini wa mti una tabia yake. Masika ya kwetu yakianza Novemba unavimba kwa unyevu, na kisu kinakataa kufunguka. Baba alikuwa anagonga kitako cha mpini kwenye meza, tok, ubapa unachungulia, anaushika kwa kucha. Nilidhani ni ujanja wake mwenyewe. Baadaye nikasoma kwamba hata watu wa Savoie hugonga hivyo hivyo, mpaka kugonga huko kumepata jina lao. Mzee hakuwahi kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Alikinoa kwa nini? Kwa kitako cha kikombe. Pindua kikombe cha kauri: ule ukingo wa chini usiong'aa ni jiwe tayari. Alinoa Jumapili mchana akisubiri bukari (ugali wetu), akakipitisha mara kadhaa kwenye mkanda wake wa ngozi, kisha anatukatia maembe. Ubapa ule si wa inoksi, chuma kisichoshika kutu upesi, kwa hiyo juisi ya embe iliufanya mweusi wenye rangi ya buluu kama shingo ya njiwa. Mimi mtoto nilidhani umeoza. Nikamwonea baba aibu mbele ya rafiki zangu, kisu cheusi! Leo najua ule weusi unausaidia ubapa usishike kutu nyekundu upesi.

Lakini sikukoma. Mwaka 2021 binamu anayeishi Ubelgiji alirudi likizo na kisu cha kukunja, Spyderco Delica, niliyomtumia pesa zake, euro tisini. Hii haikuwa kopi. Imetengenezwa Seki, mji wa Japani wenye historia ndefu ya visu na panga, ina lile tundu la duara la kufungulia kwa dole gumba, na chuma chake kinaitwa VG-10. Nikatafuta ndani yake mna nini: kaboni karibu asilimia 1, kromu karibu 15, na kobalti, kama asilimia 1 na nusu.

Kobalti! Sisi tunaoishi chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali hapa Lubumbashi, tunaoona malori yakipanga foleni kwenda Kasumbalesa siku baada ya siku, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Siwezi kuapa kwamba chembe zile zilitoka Kolwezi, mji wetu wa migodi. Lakini usiku ule niliamua zimetoka Kolwezi, zimekwenda Japani, zimerudi kwangu kwa euro tisini, na sikuona ni ghali.

Na ilikata jamani. Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna watu wanasema visu vyote ni sawa. Si sawa. Kwenye kipimo cha Rockwell, kinachopima ugumu wa chuma, Victorinox (vile visu vyekundu vya Uswisi) iko karibu 56, VG-10 karibu 60. Namba nne zinaonekana chache, ila mkononi utazihisi. Opinel ya baba, siku hizi ninapojua kunoa, naigusa na jiwe kila wiki. Delica ilikaa miezi miwili ikikata makatoni, kamba, maembe na nyama ya michopo, na bado ilinyoa nywele za mkono wangu. Nilikuwa na kipara cha mkono kwa kuonyesha watu.

Kisha ikaisha makali, na mimi wakati ule kunoa sijui. Mtoto wa mtu aliyenoa kwa kikombe miaka thelathini, sijui kunoa! Nikaipeleka soko la Kenya (huo ni mtaa wa hapa Lubumbashi) kwa mnoaji wa gurudumu, yule anayekanyaga pedali kama baiskeli na cheche zinaruka. Anashughulikia panga na visu vya wauza nyama, na kazi yake anaijua. Akaniuliza, "Patroni, tukipige sana ao kidogo?" Nikajibu kwa kiburi, "Sana." Cheche ziliruka vizuri, watoto wakakusanyika. Aliponirudishia, karibu na ncha kulikuwa na rangi ya buluu inayopendeza, kama mafuta juu ya maji. Nilikuwa sijui maana yake. Maana yake ni kwamba chuma kimepata moto kupita kiasi na kimepoteza ugumu wake. Sehemu ile tangu siku hiyo haishiki makali hata siku mbili. Nililipa franka elfu moja kuua kisu cha euro tisini. Na safari hii sina mtu wa besi wa kumlaumu.

Sasa kijana wa Likasi, na wewe mwingine unayehesabu dola zako usiku, nisikilizeni. Msinunue kisu cha bei kabla hamjajua kunoa. Narudia: kabla hamjajua kunoa. Kisu cha dola 200 kisichokuwa na makali kinashindwa na cha franka elfu tano chenye makali, na hakuna kisu duniani kisichoisha makali. Vile vya bei kubwa sana ndivyo vigumu zaidi kunoa. Vingine vina vanadi, metali inayokipa chuma ugumu, nyingi ndani yake, na kikombe cha baba hakiviwezi, vinataka bamba la almasi. Utanunua kisu, halafu utatafuta bamba, halafu utakiogopa, halafu kitalala kwenye kopo la biskuti kama vyangu.

Nunua jiwe lenye pande mbili, 400 (chembe kubwa) na 1000 (chembe ndogo). Nunua kile kisu cha Shinwa (China) cha sokoni, kiharibu bila huruma kwa kujifunza. Paka makali kwa kalamu ya wino mzito, kisha pitisha kwenye jiwe: wino ukitoka juu tu, mbali na makali, umelaza kisu mno, ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umekiinua mno. Ukitaka pembe, simamisha kisu wima, kilaze nusu, kisha nusu tena, hapo uko karibu digrii 22, panatosha. Nenda hadi usikie kwa kidole uzi mwembamba wa chuma upande wa pili, ndipo ugeuze. Ni hayo tu. Ni kuchosha, lakini ni hayo tu.

Baada ya hapo chukua Opinel au Victorinox ya kawaida, dola ishirini, thelathini. Victorinox ni ya Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, tangu 1884. Jina ni Victoria, mama yake, ukaongeza inoksi ileile ya sufuria za nyumbani. Kopi za vile vyekundu vya msalaba zimejaa sokoni, kwa hiyo fungua ubapa mkubwa utazame shina lake, jina lazima liwe limechapwa hapo. Hakuna jina, rudisha. Na kama kisu ni cha bei chini kabisa, afadhali kisicho na kufuli kuliko chenye kufuli la uongo. Kisicho na kufuli unakiheshimu, cha kufuli la uongo unakiamini. Tazama kidole changu.

Na usitembee nacho usiku. Ukisimamishwa mahali saa tatu ya usiku na kitu cha klipu mfukoni, hotuba yako kuhusu chuma cha Japani hakuna atakayeisikiliza.

Hayo yote niliyoandika nilimsomea nikamtumia kwa sauti, dakika kumi na moja. Asubuhi nikaona alama mbili za buluu, kisha jibu lake: "Aksanti sana yaya. Ni njo vile. Lakini nilishauza ile ya mia moja na makumi tano tangu posho (Jumamosi). Sasa unajua mutu wa kunoa huku Likasi?"